Nani Anamkalisha Nani? Kitenzi "Settle" Kati ya Lodwar na Kakuma

Chukua nyaraka za maendeleo zilizoandikwa kwa Kiingereza kuhusu kaunti ya Turkana nchini Kenya, ziwe za serikali au za wafadhili, nawe hutakwenda mbali kabla ya kukutana na kitenzi "settle". Mfugaji aliyemaliziwa mifugo na ukame anafanyiwa "settle" kando ya mto Turkwel ili apewe shamba la kumwagilia. Mkimbizi wa kambi ya Kakuma anangoja "resettlement" Marekani, Kanada au Australia. Mwenzake anaishi Kalobeyei, ambayo kwenye karatasi haiitwi kambi, inaitwa "settlement". Na ugomvi wa kuni, maji au malisho ukizuka kati ya wenyeji na wageni, wazee huitwa kikaoni ili nao ufanyiwe "settle".

Mambo manne, kitenzi kimoja. Je, ni jambo moja kweli? Uchambuzi huu unashikilia kwamba siyo, na kwamba kufanana huko kwa sauti kumeficha swali ambalo siasa ya Turkana imelikwepa kwa muda mrefu: nani anayeamua mtu akae wapi? Kiingereza kinaweza kutumia kitenzi hiki ukurasa mzima bila kulijibu. Kiswahili hakina raha hiyo.

Kiti na suluhu

Wanaofuatilia asili ya maneno hukirudisha kitenzi hiki kwenye "setl", neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya kiti. Njiani kikachanganyika na kitenzi kingine cha zamani kilichomaanisha kupatanisha, ndiyo maana hadi leo kina sura mbili: upande mmoja kuweka kitu au mtu mahali pake, upande wa pili kumaliza ugomvi. Mengine yametoka humo. Anayepata nyumba katika mji mgeni amesetle. Kijana akioa amesetle. Deni likilipwa, kesi ikimalizwa nje ya mahakama, vumbi likitua, tope likituama chini ya mtungi, yote ni kitenzi hichohicho.

Kiswahili kimeigawa kazi hiyo kwa wengi: kukaa, kutulia, kulowea, kulipa, kumaliza, kupatana, kutua, kutuama. Hata hivyo Wakenya hawakungoja tafsiri. Mjini Lodwar utamsikia mwalimu aliyehamishiwa huko kutoka "down Kenya", kama watu wa Turkana wanavyouita upande mwingine wa nchi, akiomba apewe muda asetle kwanza. Mzazi naye atasema anatafuta pesa asetle karo. Hakuna anayechanganyikiwa.

Tatizo linaanza mtu anapohusishwa na mahali kwa amri ya mwingine. Kwa Kiingereza kitenzi hiki ni elekezi na si elekezi kwa umbo lilelile. Unaweza kusema wafugaji "settled" kando ya mto, na msomaji asijue kama walikwenda kwa miguu yao au walipakiwa kwenye lori. Kwa Kiswahili lazima uchague: walikaa au walikalishwa, walihamia au walihamishiwa. Ukitumia kauli ya kutendwa, msikilizaji atauliza papo hapo: na nani? Na ukisema "wanaikalia" ardhi, umekwisha kuingia kwenye lawama, kwa sababu kukalia ardhi ya mwenzio ni kuitwaa.

Kiswahili kina pia neno lililo karibu kabisa na maana ya kukaa ugenini moja kwa moja: kulowea. Mtu hulowea mwenyewe. Anakwenda kwa biashara au kwa ndoa, anazoea, harudi. Hakuna serikali inayomlowesha mtu, na ukisikia hivyo utadhani amemwagiwa maji. Ajabu ya historia ni kwamba Kenya ililichukua neno hilo la hiari na kuwapa watu walioletwa na dola. Walowezi, au masetla kwa kinywa cha wengi, walipewa ardhi ya nyanda za juu kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoruhusu ukodishaji wa miaka 999. Uhuru ulipokaribia, serikali ilinunua sehemu ya mashamba hayo na kuwagawia Waafrika kupitia skimu za makazi, maarufu ikiwa ile ya ekari milioni moja. Tangu hapo, kwa Mkenya wa Bonde la Ufa au wa Kati, "settlement" ni neno la cheti cha ardhi. Kwa Mturkana lilikuja na maana nyingine.

Kando ya Turkwel

Chini ya Waingereza, Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa: asiye mwenyeji hakuingia bila kibali. Kabla ya dola kufikiria kuwatuliza Waturkana, iliitumia nchi yao kuwaweka watu iliotaka wawe mbali. Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria walipelekwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana. Kifungo chake kilipokwisha mwaka 1959 Kenyatta hakurudishwa nyumbani. Alihamishiwa Lodwar, akakaa chini ya ulinzi hadi mwaka 1961 alipopelekwa Maralal. Alikuwa na nyumba na anwani, lakini hakuna ambaye angesema amelowea Lodwar.

Kwa wenyeji wenyewe, macho ya ofisi yaliona watu wasiotulia. Kiingereza kina kinyume cha kitenzi chetu, "unsettled", na kinyume hicho kina harufu ya fujo na mashaka. Lakini boma la Mturkana, awi, ni watu na mifugo yao kwanza, mahali baadaye. Siku ya kuhama, wanawake hubomoa vibanda vya mviringo walivyovijenga wenyewe, ngozi na vyombo hufungwa juu ya punda, na jioni awi iko kwingine ikiwa kamili, na kila mke amejenga tena upande wake. Watafiti walioshirikiana na familia za kusini mwa Turkana katika miaka ya 1980 walionyesha kwamba mwendo huo unafuata nyasi na mvua kwa hesabu. Katika nchi ambayo mvua inaweza kunyesha bonde hili na kuliruka lile, kukaa pamoja na mbuzi wako mahali pamoja mwaka mzima ndiko kunakokosa utulivu.

Ofisi haikusoma hivyo. Tangu miaka ya 1960 mashamba ya kumwagilia yalianzishwa kando ya Turkwel, maarufu zaidi likiwa Katilu, na wazo lilikuwa kwamba mfugaji maskini angegeuka mkulima. Wengi walilima, lakini faida ilipopatikana ilinunua mbuzi, na mbuzi wakapelekwa kwa ndugu aliyekuwa bado anahama. Shamba likawa mguu mmoja wa familia, mguu mwingine ukabaki malishoni. Kisha ukaja ukame, maradhi ya mifugo na uvamizi wa miaka ya 1979 hadi 1981, kipindi ambacho Waturkana hukiita Lopiar kwa namna kilivyofagia kila kitu. Makumi ya maelfu ya watu waliingia kwenye kambi za chakula. Hapo "settle" ilipata maana yake ya kinyonge kabisa: kukaa pale lori la mahindi linaposimama.

Kule ziwani, Kalokol, shirika la maendeleo la Norway lilijenga kiwanda cha samaki ili wafugaji wawe wavuvi. Kiwanda hicho chenye vyumba vya baridi kilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Kugandisha samaki kwenye joto la Turkana kulikula umeme na maji kuliko samaki walivyolipa, na katikati ya miaka ya 1980 ghuba ya Ferguson, iliyokuwa na samaki wengi, ikakauka. Walioitwa waje kukaa kando ya maji wakabaki kando ya mchanga. Kiwanda kimekuwa mfano unaotajwa kila mradi mpya unapobuniwa kwa niaba ya wafugaji, ila mara nyingi kinatajwa kama kosa la kiufundi. Kosa la kisarufi halitajwi: mipango ile yote iliandikwa kwa kitenzi kilichomfanya mfugaji kuwa shamirisho.

Lodwar yenyewe ilikua kwa njia tofauti. Haikuwa skimu. Ilikua kwa duka, zahanati, kanisa, shule na ofisi ya wilaya, kisha baada ya mwaka 2013 kwa kuwa makao makuu ya kaunti. Watu waliingia kwa uamuzi wao: mjane aliyekosa mifugo, kijana aliyemaliza kidato, mwanamke wa makaa, mfanyabiashara wa miraa. Na Waturkana wakajipatia msamiati wa hali hiyo mpya. Wanaobaki na mifugo huitwa raiya, neno walilolichukua kutoka Kiswahili na kuligeuza. Kwetu raia ni mtu wa dola. Kwao raiya ni yule aliye mbali na dola, mtu wa malishoni, tofauti na mtu wa mjini. Na raiya huyo mara nyingi ni ndugu wa mtu wa mjini, anayemtunzia mbuzi naye akimtumia unga.

Kakuma: kukaa bila kukalishwa

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Miongoni mwa wa kwanza kuingia walikuwa maelfu ya wavulana wa kusini mwa Sudan waliofukuzwa na vita, wakakimbilia Ethiopia, wakatimuliwa tena baada ya utawala wa Mengistu Haile Mariam kuanguka mwaka 1991. Wakafuata Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi, Warwanda na Waganda. Leo Kakuma na Kalobeyei kwa pamoja zina watu wapatao 300,000, katika kaunti ambayo sensa ya mwaka 2019 iliihesabu kuwa na watu 926,976.

Kwa miaka karibu thelathini msimamo wa serikali ulikuwa mmoja: mkimbizi anaishi kambini na hatoki bila kibali. Kwa lugha ya sheria hakuwa amesetle popote, alikuwa anahifadhiwa. Lakini watu hukaa hata wasipokalishwa. Barabara za kambi zikajaa hoteli za Kihabeshi, maduka ya Wasomali, vinyozi, wachomeleaji, wauza simu na wakopeshaji. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilitoa utafiti ulioipima Kakuma kama soko: uchumi wa takriban dola milioni 56 kwa mwaka na biashara zaidi ya 2,000. Yaani kitendo kilikuwa kimetendeka muda mrefu kabla ya karatasi kukipatia jina.

Neno lililotawala kambi, hata hivyo, ni lile lenye kiambishi cha mbele, "resettlement". Kiambishi hicho kinamaanisha tena, na kudai kutenda tena ni kukiri kwamba kitendo kimeshatendeka mara moja. Hapo pana kejeli: anayehamishiwa makazi mapya ni mtu ambaye makazi yake ya sasa hayatambuliwi. Redio za Kiswahili husema "nchi ya tatu". Ya kwanza uliikimbia, ya tatu unaingoja. Ya pili, ulikozaliwa pengine na kusomea, imebaki tarakimu tu.

Ukisikiliza Kiswahili cha kambini, neno la Kiingereza halitumiki sana kama kitenzi. Watu husema fulani "amepata prosesi", "ameitwa intavyu", "yuko medikali", "kesi imekwama", na mwisho "wamechukuliwa". Angalia umbo la hilo la mwisho. Anayeondoka ndiye kiima, lakini kitendo ni cha wengine, na hao wengine hawatajwi kwa sababu kila mtu anawajua: UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, linapendekeza, nchi inayopokea inahoji, na IOM, shirika la uhamiaji, linasafirisha. Kule kwenye kambi za Dadaab Wasomali wana jina la hali inayompata anayengoja: buufis, hamu ya kuondoka inayomtawala mtu hadi akaacha kufanya lolote hapa alipo.

Mifano ya waliochukuliwa inajulikana dunia nzima, na hiyo ni sehemu ya nguvu ya neno. Kuanzia mwaka 2000 vijana wapatao 3,800 wa kundi lile la Sudan walipelekwa Marekani. Orodha zilibandikwa kwenye mbao za matangazo, na mtu alikwenda kutafuta jina lake kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtahiniwa anayetafuta matokeo. Mmoja wao, mkimbiaji Lopez Lomong, alibeba bendera ya Marekani kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Mwaka 2002 na 2003 Wabantu wa Somalia karibu 12,000 walisafirishwa kwa mabasi kutoka Dadaab hadi Kakuma ili wahojiwe hapo kabla ya kupelekwa Marekani. Awer Mabil, aliyezaliwa Kakuma mwaka 1995, aliichezea Australia kwenye Kombe la Dunia la 2022.

Lakini duniani kote wanaopata nafasi hiyo kwa mwaka hawafiki asilimia moja ya wakimbizi. Na kwa kuwa kitendo si chao, kinaweza kufutwa bila wao. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wamepita hatua zote, hata wenye tarehe ya ndege, wakabaki walipo. Aliyekuwa ameuza godoro na sufuria alilazimika kuanza kununua upya.

Kalobeyei: nomino inayotangulia kitendo

Mwaka 2015 serikali ya Kaunti ya Turkana chini ya Gavana Josphat Nanok, serikali ya taifa na UNHCR walikubaliana kutenga hekta zipatazo 1,500 karibu na Kakuma. Mwaka uliofuata Kalobeyei ikafunguliwa. Ilikusudiwa kuwa mahali ambapo mkimbizi na mwenyeji wangetumia shule, hospitali na soko moja, na ambapo msaada ungepita kwenye soko badala ya foleni ya mgao. Mpango wake, KISEDP, uliandikwa kwa miaka 15. Lakini vita vya Juba vya Julai 2016 viliijaza Kalobeyei na wakimbizi wapya kabla mpango haujakauka wino, na kilichotakiwa kuwa mji kikaanza kwa mahema.

Tofauti na kambi, hata hivyo, ilikuwa ya kweli katika mambo yanayoshikika. Chakula kingi kililetwa kwa njia ya Bamba Chakula, fedha za Mpango wa Chakula Duniani, WFP, zilizotumwa kwenye laini ya simu na kutumika kwa wafanyabiashara walioandikishwa, wakimbizi na wenyeji. Baadaye familia zilipewa pesa zijenge nyumba zao. Mama mwenye nyumba akaweza kumchagua fundi, kubishana naye bei ya tofali na kuamua mlango uangalie wapi. Hilo la mlango si dogo, kwa sababu hapo kitenzi kilihama kutoka kutendewa hadi kutenda.

Kisha ikaja sheria. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilipanua haki ya kufanya kazi na kutambua ushirikiano na jamii wenyeji, na ikampa mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mlango wa kuacha hadhi ya ukimbizi na kubaki kwa haki za jumuiya. Lakini sheria hiyohiyo bado inaipa serikali mamlaka ya kuteua maeneo ambako wakimbizi watakaa. Mwaka 2023 Kakuma ikapandishwa kuwa manispaa. Tarehe 28 Machi 2025 Rais William Ruto akazindua Mpango wa Shirika, unaolenga kuzigeuza kambi za Kakuma na Dadaab kuwa miji ya kawaida. Mwaka huohuo mgao wa chakula ulikatwa kwa uhaba wa fedha za wafadhili, na maandamano yakazuka Kakuma. Mtu anaambiwa ajitegemee wakati mlo unapopunguzwa, huku kutoka nje ya eneo kukiwa bado na masharti.

Kwa mwenyeji wa Kakuma na Turkana Magharibi hesabu ni nyingine. Ardhi ya Turkana kwa sehemu kubwa ni ya jamii, inayotambuliwa na Katiba ya 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Manispaa inapopimwa viwanja, malisho ya kiangazi yanakuwa mtaa. Mwenyeji huuza kuni, makaa na mbuzi kwa mkimbizi, watoto husoma pamoja, na hospitali ya kambi humtibu. Lakini akisikia "makazi" anauliza ni makazi ya muda au ya kudumu, na nani aliyetia sahihi kwa niaba ya awi zilizokuwa upande wa Uganda zikifuata nyasi siku ya kikao. Swali hilo lina adabu na lina sheria nyuma yake.

Kupatana

Imebaki sura ya pili ya kitenzi, ile ya suluhu, na Turkana ina mfano wake mkubwa. Mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja, Uganda, waliokuwa wakiporana ng'ombe na kuuana mpakani, walifanya amani Lokiriama. Amani hiyo imedumu kwa kiasi ambacho sehemu nyingine za mpaka huo zinaionea wivu, na kila mwaka watu wa pande zote mbili hukusanyika Lokiriama kuikumbuka. Kwa Kiingereza "they settled". Kwa Kiswahili walipatana, na kauli ya kutendana haikubali mtu mmoja. Hakuna anayeweza kupatana kwa niaba ya jirani yake.

Matunda ya Lokiriama yanaonyesha pia kwamba kupatana hakumlazimu mtu kukaa. Amani ile iliwawezesha Waturkana kuvuka na mifugo kwenda Karamoja wakati wa kiangazi na kurudi. Suluhu ilikuwa ruhusa ya kuhama. Nyaraka nyingi zimeyaona mambo hayo mawili kuwa kinyume: mtulize mfugaji, amani ije. Lokiriama ilianza na amani, na mwendo ukawa sehemu yake.

Jina la Mpango wa Shirika wa mwaka 2025 limetolewa kwenye Kiswahili, na linatoka kwenye shina linalozaa kushirikiana. Hilo linaupa umma kipimo chepesi. Mkimbizi akiweza kuhamia Lodwar au Kitale kwa kazi bila kuomba ruhusa ya kutembea, akakodi kiwanja kwa mkataba unaotetewa na mahakama, atakuwa anakaa. Jamii ya Turkana ikiwa na kiti na kura kwenye mikataba ya ardhi, pamoja na raiya walio malishoni, itakuwa inashirikiana. Pasipo hayo, manispaa itakuwa na bodi, ramani na bajeti, na wakazi wake wataendelea kuwa watu waliokalishwa. Wanaoandika taratibu za mpango huo wangefanya vyema kuziandika kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu kila sentensi itawalazimisha kutaja anayetenda.